Pikapu ya Dizeli Inayowaka Inapotaka Yenyewe: Tafuta Tatizo Kabla Hujanunua Stata

Leo tunaweka pembeni mbegu na mbolea, tunaongelea pikapu ya dizeli ya zamani. Ile ambayo asubuhi inawaka vizuri, mchana ukigeuza ufunguo kimya, ukisubiri dakika kumi inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Vijana wengi wa kilimo biashara ndiyo gari walilonalo, na nyanya zikishapakiwa kwenye matenga hazimsubiri fundi.

Gari ni kama mmea. Hupulizi dawa kabla hujajua kama ni ukungu au ni mdudu. Kijana mmoja ninayemhudumia alinunua betri mpya, kisha stata ya mtumba, na bado gari likamgomea njiani na mzigo. Alifika sokoni jua limeshapanda, akauza kwa bei ya kubembeleza. Tatizo lilikuwa waya wa ethi kati ya injini na chesisi, kutu imejaa chini ya bolti.

Umeme unapitaje?

Kuna njia mbili. Njia nene inatoka betri kwenda stata, na kurudi betri kupitia chuma cha injini na waya wa ethi. Njia nyembamba inatoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda kwenye solenoidi ya stata, na kazi yake ni kutoa amri tu. Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu kuliko ya petroli, kwa hiyo stata yake inakula umeme mwingi. Kiungo kilicholegea kidogo au chenye kutu kinatosha kuigomesha. Joto na mtikisiko wa barabara ndivyo vinafanya tatizo lije na kuondoka.

Sikiliza kwanza

- Kimya kabisa, taa za dashibodi zinawaka vizuri: anza na njia nyembamba.
- "Ta" moja tu: njia nene, au shaba za ndani ya solenoidi zimelika.
- "Ta-ta-ta-ta" na taa zinafifia: betri haina chaji au terminali zimelegea.
- Inazungusha vizuri lakini haiwaki: stata haina kosa, angalia hatua ya 5.

Hatua za kufuata

Weka gia huru, vuta hendibreki. Tafuta multimita ya kawaida na ikae ndani ya gari, maana kipimo cha maana ni kile unachopima wakati gari limegoma. Likiwa zima linakuficha.

1. Safisha. Fungua terminali, ukianza na hasi. Sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae. Fanya hivyo hivyo kwenye ncha zote za waya wa ethi. Funga kwa nguvu, hasi iwe ya mwisho, kisha paka grisi kwa juu. Matatizo mengi yanaishia hapa, na umetumia spana tu.

2. Pima betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri yenye chaji kamili inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwa inaunguruma, tarajia 13.8 hadi 14.5. Ikiwa chini ya hapo, altaneta haichaji sawasawa.

3. Pima njia nene. Chomoa kwanza waya wa solenoidi ya mafuta kwenye pampu ili injini isiwake, na ncha yake isiguse chuma. Waya mweusi wa multimita uguse nguzo hasi yenyewe ya betri, mwekundu uguse chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.5, ethi imechoka. Rudia upande wa chanya: kutoka nguzo chanya hadi bolti nene ya stata inayopokea waya wa betri.

4. Pima njia nyembamba. Mwenzako akishikilia ufunguo kwenye kuwasha, pima waya mdogo wa solenoidi. Unatakiwa ukaribie volti za betri za wakati huo huo. Ukisoma sifuri au volti chache, kosa liko nyuma: fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo, au swichi ya gia kwa gari la otomatiki. Kama umeme unafika ila ni hafifu, fundi umeme anaweza kuongeza rilei. Pini 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda solenoidi, 86 inapokea waya wa ufunguo, 85 inakwenda ethi. Ikiwa njia zote mbili ni nzima na bado ni "ta", stata ifunguliwe. Mara nyingi zinabadilishwa shaba tu, si stata nzima.

5. Inazungusha lakini haiwaki. Rudisha waya wa solenoidi ya mafuta. Washa ufunguo bila kupiga stata, usikie "tik" kwenye pampu. Hakuna "tik"? Pima kama umeme unafika. Ikiwa inasumbua asubuhi ya baridi tu, pima hita plagi na rilei yake.

Usifanye haya

Usiunganishe stata kwa bisibisi. Gari likiwa kwenye gia linaweza kuruka na kukukanyaga. Usichomoe betri injini ikiunguruma, unaua altaneta. Usivute sigara karibu na betri, gesi yake inalipuka.

Kila linapogoma, andika kwenye daftari: injini ilikuwa ya moto au ya baridi, ulisikia sauti gani, volti zilisoma ngapi. Ukimpelekea fundi maelezo hayo, hatabahatisha kwa pesa yako. Na kazi hii ifanye wiki mbili kabla ya kuvuna, si usiku wa kupakia.