Breki ya Pikipiki Ikilia: Sababu Itafutwe Kabla ya Sauti Kunyamazishwa

Wahudumu wa bodaboda na wakazi wote wenye pikipiki wanahimizwa kutopuuza mlio wa breki, hasa wanaotumia barabara za milimani. Katika mteremko wa kutoka Wundanyi hadi Mwatate, kwa mfano, kona ni nyingi na breki hufanya kazi karibu safari nzima. Wapo waendeshaji wanaouzoea mlio huo, na wapo wanaoitilia breki oili ili inyamaze. Yote mawili ni hatari. Mlio unaweza kuwa wa vumbi tu, lakini pia unaweza kuwa wa chuma kinachosaga chuma.

Breki inavyofanya kazi

Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia breki za dramu. Pedali ikikanyagwa, fito huvuta mkono mdogo ulio kando ya gurudumu, na mkono huo huzungusha kamu. Kamu husukuma breki shu mbili zishike dramu kwa ndani. Breki hulia pale shu zinapotetemeka badala ya kushika sawasawa.

Sababu za kawaida na marekebisho yake

1. Unyevu. Baada ya mvua au umande wa usiku, breki huweza kulia asubuhi. Ikinyamaza baada ya kushikwa mara chache, hakuna tatizo.

2. Vumbi na matope. Vumbi hujikusanya ndani ya dramu. Gurudumu hutolewa, kisha dramu na shu hupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kwa kuwa hudhuru mapafu.

3. Shu kung'aa kama kioo. Hili husababishwa na joto jingi, hasa kwa mwendeshaji anayeshuka mlima huku mguu ukikaa juu ya pedali muda wote. Kama shu bado ni nene, fundi huzikwaruza kidogo kwa msasa. Dawa ya kudumu ni kushuka kwa gia ndogo ili injini isaidie kupunguza mwendo, na kutumia breki zote mbili.

4. Kamu kukauka. Breki hulia na huchelewa kuachia. Kamu hupakwa grisi kidogo sana, na grisi hiyo isiguse shu wala dramu.

5. Oili kuingia ndani. Shu iliyolowa oili haishiki vizuri hata ikifutwa. Ibadilishwe, dramu isafishwe, na mahali oili inapovuja patafutwe.

6. Shu kuisha. Mlio huwa wa kukwaruza, na mara nyingi huongezeka breki inaposhikwa kwa nguvu. Hapo pikipiki isibebe abiria tena mpaka shu zibadilishwe, kwa kuwa chuma cha shu hukata dramu, na dramu ni ghali kuliko shu.

Kukagua bila kufungua gurudumu

Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki, na alama kwenye kifuniko cha dramu. Breki ikishikwa hadi mwisho na mshale ukafika kwenye alama au kuipita, shu zimeisha. Gurudumu likiwa limefunguliwa, tabaka la shu lililobaki milimita 2 au chini ya hapo halifai tena. Kwa kawaida, pedali ya nyuma huchezacheza kati ya sentimita 2 na 3 kabla ya breki kuanza kushika. Ikizidi hapo, nati iliyo mwishoni mwa fito hukazwa. Breki iliyokazwa kupita kiasi huburuta, hupata joto na kuanza kulia upya.

Kwa pikipiki zenye breki za diski, pedi ndizo hukaguliwa. Mifereji iliyo juu ya pedi ikifutika, pedi zimeisha. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja.

Baada ya matengenezo

Shu mpya huweza kulia kidogo siku za kwanza mpaka zizoee dramu. Kabla ya kubeba abiria, mwendeshaji ajaribu breki mahali tambarare pasipo na magari, kwanza kwa mwendo mdogo. Mlio ukiendelea baada ya siku chache, au breki ikishika kwa kushtukiza, pikipiki irudishwe kwa fundi.

Abiria naye ana sehemu yake. Akisikia chuma kikikwaruza kila breki inaposhikwa, ana haki ya kumwomba mwendeshaji asimame, ashuke na kutafuta pikipiki nyingine. Seti ya breki shu ni miongoni mwa spea za bei nafuu katika pikipiki. Kuichelewesha ili kuokoa pesa za siku moja kunaweza kugharimu maisha ya watu wawili kwenye kona moja ya mteremko.