Shujaa Aliyejivua Deraya: Kusoma Mighani ya Karna

Utangulizi

Mwanafunzi mpendwa, katika swali la fasihi simulizi unaweza kupewa hadithi ambayo hujawahi kuisikia, kisha uambiwe uitambue, utaje sifa zake na ueleze mambo yanayoonyesha jamii iliyoizaa. Wengi huingiwa na hofu majina yakiwa mageni. Hofu hiyo haina msingi. Ukiwa unazijua vizuri hadithi za Fumo Liyongo na Lwanda Magere, tayari unazo zana za kuchambulia hadithi ya shujaa yeyote duniani.

Katika somo hili tutazitumia zana hizo kumchambua Karna, shujaa wa Wahindu. Hadithi yake imo katika Mahabharata, utendi mrefu wa lugha ya Kisanskriti ambao kwa mapokeo hudaiwa kutungwa na mwenye hekima aitwaye Vyasa. Utendi huu una vitabu 18, na kwa mapokeo husemwa kuwa una beti 100,000. Unasimulia ugomvi wa kugombea ufalme kati ya binamu: Wapandava watano na Wakaurava mia moja. Ugomvi huo uliishia katika vita vya siku 18 kwenye uwanja wa Kurukshetra, India ya kaskazini.

Kabla hujasoma: makosa matatu ya kuepuka

1. *Kuchanganya Mhindi na Mhindu.* Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Wapo Wahindi Waislamu, Wakristo, Wasikh na Wajaini. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kati ya 1896 na 1901 kujenga reli ya kutoka Mombasa hawakuwa wa dini moja. Ukiandika "dini ya Kihindi" utakuwa umekosea.

2. *Kuidhihaki hadithi.* Mwanafunzi mwenzako anaweza kucheka na kuuliza: mtu atazaliwaje na deraya mwilini? Muulize naye: mtu atakuwaje na mwili wa jiwe kama Lwanda Magere? Mambo yasiyo ya kawaida ni sifa ya kipera hiki. Tena kumbuka kuwa Rama, Krishna na Hanuman huabudiwa hadi leo katika mahekalu ya Mombasa, Nairobi na Kisumu. Yamkini mtahini wako, daktari wako au jirani yako amelelewa na hadithi hizi. Andika "inasimuliwa kwamba" au "Wahindu huamini kwamba", kama ambavyo ungependa wengine waandike kuhusu imani yako.

3. *Kutafuta malaika na shetani.* Katika Mahabharata hakuna upande usio na doa. Neno la kukuongoza ni *dharma*, yaani wajibu na mwenendo ulio sawa kulingana na nafasi ya mtu maishani. Mgogoro mkubwa wa wahusika hutokea pale wajibu mmoja unapopingana na mwingine. Ukilikosa hili, hutamwelewa Karna hata kidogo.

Muhtasari

Kunti, akiwa msichana ambaye hajaolewa, anafundishwa na mtawa maneno ya kumwita mungu yeyote. Anayajaribu, na Surya, mungu wa jua, anamtokea. Anajifungua mtoto aliyevaa deraya ya dhahabu na vipuli, vyote vikiwa sehemu ya mwili wake. Kwa kuogopa aibu, Kunti anamweka mtoto katika sanduku na kuliachia mtoni. Sanduku linaokotwa na Adhiratha, mwendesha magari ya vita, na mkewe Radha ambao hawana mtoto. Wanamlea kama mwana wao. Huyo ndiye Karna.

Karna anakua akiwa hodari wa upinde. Anakwenda kwa Parashurama, mwalimu wa silaha, na kudanganya kuwa yeye ni wa tabaka la makuhani ili akubaliwe. Siku moja mwalimu analala akiwa ameegemeza kichwa kwenye paja la Karna. Mdudu anamtoboa Karna paja, naye anavumilia asije akamwamsha mwalimu. Damu inamwamsha. Mwalimu anatambua kuwa uvumilivu huo si wa kuhani bali wa mpiganaji, na anamlaani: siku atakayoihitaji silaha yake kuu, atayasahau maneno ya kuiitia. Laana nyingine anaipata kwa kuhani ambaye ng'ombe wake aliuawa na Karna kwa bahati mbaya: gurudumu la gari lake litazama ardhini wakati wa hatari.

Katika mashindano ya silaha Karna anataka kupambana na Arjuna, mwana wa tatu wa Wapandava. Anaulizwa: baba yako ni nani? Anainamisha kichwa. Ni Duryodhana, mkubwa wa Wakaurava, anayesimama na kumtawaza hapo hapo kuwa mfalme wa Anga. Muda mfupi baadaye Adhiratha anaingia, mzee mwenye jasho, na Karna mwenye taji jipya anamwinamia mbele ya umati. Bhima wa Wapandava anamcheka. Kuanzia siku hiyo Karna ni mtu wa Duryodhana mpaka kufa.

Baadaye Wakaurava wanawashinda Wapandava katika mchezo wa dadu wenye hila. Mke wao, Draupadi, anaburutwa hadi barazani na kudhalilishwa. Karna hamtetei. Anamtukana na kuagiza avuliwe nguo.

Wapandava wakiwa uhamishoni, Indra, mfalme wa miungu na baba yake Arjuna, anajigeuza kuhani maskini ili aende kumwomba Karna deraya yake. Surya anamtangulia mwanawe ndotoni na kumwonya. Karna anajibu kuwa ameweka nadhiri ya kutomnyima kuhani yeyote anachoomba. Indra anapofika, Karna anaikata deraya kutoka mwilini mwake na kumpa. Kwa malipo, anapata mkuki wa kutumika mara moja tu.

Vita vinapokaribia, Kunti anamwendea Karna na kumfichulia kuwa yeye ndiye mama yake, na kwamba Wapandava ni nduguze. Anamsihi ahamie upande wao. Karna anakataa kumwacha aliyemheshimu alipodharauliwa na wote. Hata hivyo, anamwahidi Kunti kuwa hatamuua ndugu yeyote ila Arjuna: mama atabaki na wana watano, awe amekufa Arjuna au Karna.

Vitani Karna analazimika kuutumia ule mkuki dhidi ya Ghatotkacha, mwana wa Bhima. Siku ya kumi na saba anakutana na Arjuna. Gurudumu linazama. Maneno ya silaha yanamtoka kichwani. Anashuka kulinasua gurudumu na kumwomba Arjuna asubiri kwa mujibu wa dharma. Krishna, mwendesha gari la Arjuna, anamuuliza dharma hiyo ilikuwa wapi siku ya Draupadi. Arjuna anafyatua mshale, na Karna anakufa. Vita vikiisha ndipo Kunti anawaambia wanawe kuwa wamemuua kaka yao mkubwa.

Sifa za mighani katika hadithi hii

(i) *Kuzaliwa kwa namna isiyo ya kawaida.* Karna ni mwana wa jua, tena anazaliwa na deraya.

(ii) *Shujaa huwa na siri ya nguvu.* Nguvu za Karna zimo katika deraya, kama za Magere zilivyo katika kivuli, na kama Liyongo anavyoweza kuuawa tu kwa sindano ya shaba kitovuni.

(iii) *Shujaa huwa na maadui wanaomhofia.* Indra anahofia maisha ya Arjuna.

(iv) *Kifo cha kishujaa au cha huzuni.* Karna anakufa akiwa ameshika gurudumu.

*Tanbihi:* Miungu wanaposhiriki, hadithi hukaribiana na visasili. Lakini lengo lake si kueleza chanzo cha kitu. Ni kusimulia maisha ya shujaa. Kwa hivyo jibu lako liwe mighani. Wahindu wenyewe huuita utendi huu *itihasa*, yaani "hivyo ndivyo ilivyokuwa", kwa kuwa huuona kama kumbukumbu ya mambo yaliyopita.

Ulinganisho: hapa ndipo alama zilipo

Wanafunzi wengi wataandika: "Karna anafanana na Liyongo na Magere kwa kuwa wote wana siri ya nguvu." Ni kweli, lakini usikomee hapo. Jiulize siri ilitokaje.

Siri ya Liyongo ilitolewa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa zawadi na adui. Siri ya Magere ilitolewa na mkewe, aliyetoka kwa Wanandi. Hadithi hizo mbili zinaonya: jihadhari na aliye karibu nawe, kwani kikulacho ki nguoni mwako. Karna hakusalitiwa. Alionywa, akajua anayeomba ni nani na anaomba kwa nini, kisha akatoa. Kwa Liyongo na Magere tunauliza, "Nani aliwasaliti?" Kwa Karna tunauliza swali zito zaidi: "Neno la mtu lina thamani gani, ikiwa kulitimiza ni kufa?"

Jamii iliyoisimulia hadithi hii ilithamini ahadi na utoaji kuliko usalama. Ndiyo maana katika mapokeo ya India Karna ni mfano wa ukarimu, ingawa alipigana upande ulioshindwa.

Wahusika

*Karna*

- Ni mkarimu: anatoa deraya akijua atakufa.
- Ni mwaminifu: anakataa kumwacha Duryodhana hata baada ya kujua asili yake.
- Ni mwenye shukrani: anamwinamia Adhiratha mbele ya waliomdharau. Anaendelea kuitwa Radheya, yaani mwana wa Radha, jina linalomtambua mama aliyemlea.
- Ni mwongo: anamdanganya Parashurama kuhusu tabaka lake.
- Ni katili: anashiriki kumdhalilisha Draupadi.

Usiziache sifa mbili za mwisho kwa sababu unampenda. Mtahini anataka mhusika kamili.

*Kunti* ni mwoga wa lawama za jamii. Anakaa kimya kwa miaka mingi, na ukimya wake unawagharimu wanawe wote. Lakini kumbuka alikuwa msichana mdogo katika jamii isiyomsamehe mwanamke aliyezaa kabla ya ndoa.

*Duryodhana* ni mwenye wivu na hila, ila kwa Karna ni rafiki wa kweli. Jiulize: alimpa taji kwa upendo, au alihitaji mtu wa kumkabili Arjuna? Yote mawili yanaweza kutetewa.

Maudhui

*Ubaguzi wa kitabaka.* Karna anaulizwa ukoo kabla ya kuulizwa uwezo. Kinaya ni kwamba ukoo wake ni wa juu kama wa wanaomcheka.

*Malezi na uzazi.* Mama ni aliyezaa au aliyelea? Karna anajibu kwa matendo yake.

*Uaminifu uliopotoka.* Kumtii rafiki si wema kila wakati. Uaminifu wa Karna ndio unaomweka barazani siku ya aibu ya Draupadi.

*Nafasi ya mwanamke.* Draupadi anawekwa rehani mchezoni kama mali. Dhuluma hiyo ndiyo Krishna anayoitaja Karna anapoomba haki.

Swali na jibu la mfano

*"Karna alistahili kifo alichokufa." Jadili kauli hii. (alama 20)*

Swali la namna hii halitaki ndiyo au la. Panga hoja za pande zote mbili, kila hoja na mfano wake, kisha uhitimishe. Tazama hoja moja ya kila upande:

*Kuunga mkono:* Karna alistahili kifo hicho kwa kuwa aliikiuka dharma aliyokuja kuiomba. Barazani, Draupadi hakuwa na silaha, na Karna alimtukana. Uwanjani, Karna mwenyewe hakuwa na silaha mkononi, na Arjuna hakumhurumia. Alitendewa kwa kipimo alichokitumia yeye.

*Kupinga:* Karna hakustahili kifo hicho kwa kuwa makosa ya wengine yalimwandama tangu kuzaliwa. Mama alimtupa, baraza lilimbagua, na mungu alimnyang'anya kinga kwa hila. Isitoshe, kumpiga mshale aliyeshuka garini ni kuvunja kanuni za vita ambazo pande zote zilikuwa zimezikubali.

Umeona? Kila hoja ina dai, ushahidi na maelezo. Kamilisha kwa hoja nyingine nane, nne za kila upande, kisha utoe msimamo wako. Mtahini hatakukata alama kwa msimamo unaotofautiana na wake. Atakukata kwa msimamo usio na ushahidi.

Maswali ya marudio

1. Kwa kutoa mifano, thibitisha kuwa hadithi ya Karna ni mighani. (alama 8)
2. Fafanua jinsi kinaya kilivyotumika katika tukio la mashindano ya silaha. (alama 4)
3. Linganisha na utofautishe kifo cha Karna na cha shujaa mmoja wa jamii yako. (alama 10)
4. "Ukimya wa Kunti ndio uliozaa maangamizi." Jadili. (alama 20)
5. Taja hatua tatu utakazochukua ukitumwa kuikusanya hadithi hii kwa familia ya Wahindu mtaani mwenu, ukizingatia kuwa kwao ni sehemu ya imani. (alama 6)

Kabla hujajibu swali la tatu, muulize mzee wa nyumbani kwenu akusimulie hadithi ya shujaa wa jamii yenu upya, hata kama unadhani unaijua. Sikiliza mahali anapopunguza sauti. Huenda hapo ndipo jamii yako inapoficha swali lake zito.