Besi ya kalindula na benchi la wazee

Mama wa Kashikishi, umeniandikia kwamba ulivuka mpaka kutoka Pweto mwaka 2017, furushi kichwani, mwana mkononi, na kwamba kanisa lenu la Kiprotestanti ndilo lililokupa ndugu. Sasa mwana huyo amekuwa kijana, mpiga gitaa, amehamia kwa walokole wenye spika kubwa, kwa kuwa wazee wenu wamepiga marufuku gitaa na ngoma: “muziki wa vilabu.” Unauliza: umfuate au ubaki?

Baki. Ila usibaki kimya.

Wazee hawajakosea yote. Kalindula ni muziki wa huko huko kwenu Luapula, umeitwa kwa jina la besi yake ya kienyeji, na kwenye baa umezoeleka mno. Mzee aliyeona mkwewe akimalizia humo pesa za chisense, wale samaki wadogo wa ziwani, hawezi kuisikia besi hiyo akakumbuka Zaburi. Mwelewe.

Kisha mwulize, kwa adabu, tuni za tenzi anazozitetea zilitoka wapi. Wamisionari wa London walifika Mbereshi, kusini kwenu, mwaka 1900, na nyingi ya tuni hizo zilikuja na watu wa namna hiyo. Zilikuwa ngeni kuliko gitaa la mwanao. Na hapo hapo Mbereshi, Mabel Shaw, aliyeanza shule ya wasichana mwaka 1915, alimhubiri Kristo kama mfumu, yaani chifu, akaingiza mila za Kibemba katika malezi ya Kikristo. Alikuwa Mzungu, tena mkali, simfanyi malaika. Lakini hakuona mila na Injili kuwa maadui.

Mwanao naye anasema amemfuata Roho. Mimi nadhani amefuata nafasi ya kupiga. Nenda naye Jumapili moja, umsikilize, usimkemee njiani.

Halafu omba wazee jambo dogo: si ibada nzima, wimbo mmoja baada ya mahubiri, kwa majaribio. Desemba hadi mwisho wa Februari ziwa hufungwa kwa uvuvi, vijana wako nchi kavu, nyavu zimeanikwa, mazoezi yanawezekana. Mwambie mzee mkali kuliko wote achague maneno ya wimbo huo. Atakuja mazoezini kuyalinda.

Machi, nyavu zikirudi majini, niandikie wimbo ulikwendaje.