Kazi ya Mtaalamu Hupimwaje?

Muhula uliopita mwenzetu mmoja aligonga kichwa kwenye mlingoti wa goli. Muuguzi alimwita jina, akatazama kama afumbua macho, akasikiliza ajibuvyo, akamwamuru ainue mkono. Kisha akaandika: 15. Nilimwuliza hesabu hiyo yatoka wapi.

Yatoka Glasgow, Uskochi. Mwaka 1974 madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett waliitangaza njia hii katika jarida la Lancet. Siku hizi macho hupewa alama 1 hadi 4, maneno 1 hadi 5, na mwendo wa viungo 1 hadi 6. Jumla ya chini ni 3, ya juu 15. Jumla ikizidi kushuka, ubongo u hatarini.

Wataalamu hupimana kwa kuhesabu maandishi ya mtu yametajwa mara ngapi na wengine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Marekani alitoa kipimo chake: mwenye makala 10, kila moja imetajwa angalau mara 10, hupata 10. Makala ile ya 1974 imetajwa maelfu ya mara, lakini kwa kipimo hiki ni makala moja tu. Na muuguzi wetu, aitumiaye njia hiyo pasipo kuandika makala, hahesabiwi kabisa.

Basi, wenzangu, tusiidharau hesabu, wala tusiiabudu. Mwenzetu amerudi darasani mzima, na hilo halikuongeza hata moja katika kipimo cha Hirsch.

Mwanafunzi, Kidato cha IV