Kuzuru Hifadhi ya Corbett, India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hifadhi ya Taifa ya Corbett iko katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, pale tambarare inapokutana na vilima vya kwanza vya Himalaya. Ilianzishwa mwaka 1936, ya kwanza nchini humo.

Kwa nini inaitwa Corbett?
Jim Corbett alizaliwa Nainital, jirani na hifadhi, mwaka 1875. Alipata sifa kwa kuwinda chui milia walao watu, kisha akageuka mtetezi wao. Mwaka 1947 alihamia Nyeri, Kenya. Alifariki huko mwaka 1955 na huko ndiko alikozikwa. Hifadhi ilipewa jina lake baadaye.

Je, nitamwona chui milia?
Hakuna awezaye kukuahidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu chui milia 260, wengi kuliko hifadhi nyingine yoyote ya India. Lakini aliyezoea Serengeti ajue kwamba huu ni msitu: mnyama aliye hatua kumi tu humezwa na majani. Waongozaji humtafuta kwa masikio. Dereva huzima gari. Kulungu wa madoa meupe hutoa mlio mmoja mkali, kima wa uso mweusi huitikia juu ya mti, na hapo hujulikana kuwa mwenye msitu anapita. Ukiambiwa unyamaze, nyamaza.

Niende lini?
Eneo la Dhikala, linalopendwa zaidi, hufunguliwa katikati ya Novemba na kufungwa katikati ya Juni, kabla mvua kubwa hazijafurisha mito na kukata njia. Kuanzia Machi joto hupanda, na makundi ya tembo hushuka kwenye Mto Ramganga na bwawa lake. Desemba na Januari beba sweta zito na kofia, maana gari huwa wazi na asubuhi baridi hukata masikio.

Naweza kuingia bila kuweka nafasi?
Usijaribu. Magari ya kila eneo yana idadi maalumu, na kibali huandikwa jina lako. Nenda na pasipoti ileile uliyojiandikishia. Mji wa kufikia ni Ramnagar, unaofikika kwa treni au gari kutoka Delhi.

Yapi yamekatazwa?
Kushuka garini porini, kulisha wanyama na kupiga kelele. Wanaolala Dhikala wasitarajie nyama wala pombe. Chakula cha huko ni cha mboga na nafaka.

Nahitaji chanjo?
India hudai cheti cha homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwemo Kenya na Uganda. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Anayefika bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita.