Joto la Mafuta na Seli za Kinga

Alfajiri ya Julai kule Songwa, wilayani Kishapu, hata wenyeji hutafuta blanketi. Mtu mzima akizidiwa na baridi hutetemeka. Misuli inafanya kazi, joto linapatikana. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka sawasawa. Yeye hutegemea mafuta ya kahawia, yaliyoko kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Ukahawia huo unatokana na wingi wa mitokondria zenye madini ya chuma, zile sehemu za seli zinazounguza chakula.

Mitokondria inapounguza chakula, husukuma protoni upande mmoja wa utando wake mpaka zinajaa, kama maji nyuma ya tuta la lambo. Zikirudi hupita kwenye mtambo unaotengeneza ATP, nishati ya kazi zote za seli. Ila mafuta ya kahawia yana protini iitwayo UCP1, na hiyo ni mchepuko: protoni hupita hapo bila kugusa mtambo. ATP haitengenezwi, nguvu inageuka joto.

Nani anaufungua mchepuko huo? Baridi huamsha mishipa ya fahamu, nayo hutoa noradrenalini. Seli ikiipokea huvunja mafuta yake, na asidi za mafuta zinazotoka huiamsha UCP1. Maelezo haya ni sahihi, lakini hayajakamilika.

Katikati ya seli za mafuta zimo seli za kinga, na hizo hupashana habari kwa protini ziitwazo saitokini. TNF, ambayo hutolewa kwa wingi penye uvimbe, hupunguza UCP1. Nyingine hufanya kinyume: mwaka 2021 watafiti wa China walionesha kwamba IL-27 huigusa seli ya mafuta moja kwa moja na kuiongezea UCP1. Panya ambao miili yao haiwezi kuipokea walitoa joto kidogo, na wakilishwa mafuta mengi walinenepa zaidi ya wenzao.

IL-4 ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Kanda ya Ziwa, tunaoishi na kichocho. Miongoni mwa seli zinazoitoa zimo eosinofili, seli za kinga zilezile zinazoongezeka kwenye damu ya mwenye kichocho. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba, katika panya, IL-4 huyaamuru makrofaji, seli nyingine za kinga, yatengeneze noradrenalini, na mafuta meupe, yale ya akiba, huanza kutoa joto. Habari ilipendeza mno. Mwaka 2017 kundi jingine likapima upya, likakuta makrofaji hayo hayatengenezi noradrenalini ya kutosha. Mabishano hayo ni afya ya sayansi, wala si aibu yake.

Basi asitokee mtu akasema kichocho ni dawa ya unene. Kichocho cha mkojo huharibu kibofu na huweza kuziba njia ya mkojo hadi figo zikaumia. Ukiona damu kwenye mkojo wako au wa mwanao, nenda zahanati mkapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ipo, na inatibu.