Dondoo muhimu: Mtoto anapoonewa mtandaoni

- Tambua dalili. Anashtuka ujumbe ukiingia, anaficha simu ukikaribia, anajitoa ghafla kwenye magrupu ya WhatsApp au hataki kwenda shule.
- Msikilize kwanza. Usimnyang'anye simu; akiogopa kuikosa, hatakuambia tena.
- Tunza ushahidi. Asijibu matusi. Pigeni picha ya skrini ionyeshe jina la akaunti, tarehe na saa.
- Kisha mzuieni mchokozi, na mripoti akaunti yake.
- Vitisho vikizidi, nenda polisi. Nchini Tanzania, uonevu wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.
- Piga 116 bure, namba ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya.

Mzazi, mwambie mwanao leo: kuonewa si kosa lake.